Kurudisha mng'ao wa boti ya faiba iliyopauka: uzoefu wangu Kisumu

Nikiletewa boti ya faiba iliyopauka, kwanza napitisha kiganja ubavuni. Kikitoka cheupe kama kimeshika chaki, hilo si vumbi la barabarani. Ni jelikoti yenyewe, ile tabaka ya nje ya faiba, inayokufa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu halina mzaha. Miale huvunja resini ya juu, ile gundi ngumu inayounda jelikoti, hadi ikawa unga. Boti nyekundu na za buluu huonekana vibaya mapema kuliko nyeupe.

Wengi hupaka mafuta, hata dizeli, au dawa ya kung'arisha tairi. Siku chache boti inameta, kisha mafuta yanashika vumbi na inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Dawa zenye silikoni zina ubaya zaidi: siku ukitaka kupaka rangi, rangi itatoboka vishimo vidogo vidogo. Mng'ao unatokana na uso ulio sawa. Ukwangue ule unga hadi ufikie jelikoti nzima, lakini kwa ubahili, maana unene wake wote ni kama nusu milimita tu.

Naosha kwa sabuni ya vyombo na maji mengi. Doa la kahawia kwenye mstari wa maji, linaloachwa na matope na magugu maji, linatoka kwa asidi ya oksaliki. Vaa glavu, paka, ngoja dakika chache, suuza sana, na usiiache itiririkie trela ya mabati. Boti ikikauka naifuta kwa asetoni, kitambaa kikichafuka nabadilisha. Nta ya zamani ikibaki, msasa utaziba.

Kisha jaribio: chagua mahali palipopauka zaidi, upana wa futi moja, usugue kwa mkono na kampaundi ya kukata ya magari, yaani dawa nzito yenye chembechembe za kusugua. Pakimeta, msasa hauhitajiki, nenda moja kwa moja kwenye mashine ya kung'arisha. Pakibaki na ukungu, piga msasa wa maji.

Mimi huanza na namba 800, halafu 1000, 1500 na 2000; namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Namba 400 naiogopa kwenye jelikoti ya zamani, kwa sababu mikwaruzo yake huingia ndani sana na kuifuta kunakula unene usiokuwa nao. Funga msasa kwenye kipande cha sponji ngumu, kwani vidole vitupu huchimba mifereji. Tia matone ya sabuni kwenye ndoo ya maji unayochovya msasa. Kabla ya kila namba chora mistari ya penseli ubavu mzima. Ikifutika yote, badilisha namba, na badilisha pia mwelekeo wa kusugua ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita. Mwanzoni maji hushuka mazito kama maziwa. Yakianza kuwa mepesi, umefika. Ukiona nyuzi za faiba, acha hapo hapo: jelikoti imekwisha, na sehemu hiyo inataka praima ya epoksi na rangi, si polishi. Maji machafu ya msasa usiyamwage ufukweni watu wanakoteka maji.

Mashine iwe ya kubadilisha kasi, yenye pedi ya sufu, mizunguko 1,200 hadi 1,800 kwa dakika. Fanya eneo la sentimita 60 kwa 60, kampaundi kidogo, pedi ilale bapa na isisimame mahali pamoja. Kwenye kona na kingo jelikoti ni nyembamba na mashine huiunguza upesi, kwa hiyo huko natumia mkono. Fanya kazi kivulini, asubuhi. Juani kampaundi hukauka ikaganda na kuacha alama za mviringo. Pedi ikijaa, ikwangue kwa brashi. Mara nyingi mashine inalaumiwa kumbe pedi ndiyo imeziba.

Malizia kwa pedi ya sponji na polishi laini, kisha simamisha rula ubavuni. Namba zake zikisomeka kwenye taswira yake ubavuni, kama kwenye kioo, hadi sentimita 20 hivi, umeshinda. Zikififia kwenye sentimita 5, bado kuna mikwaruzo ya msasa, rudi kwenye kampaundi.

Usiiache boti hivyo hata usiku mmoja. Jelikoti iliyokwanguliwa ina vinyweleo wazi. Paka nta ya kanauba tabaka mbili tofauti, ukiachia ya kwanza ikauke. Boti ya futi 19 hula kama lita moja ya kampaundi, na misasa zaidi ya unavyodhani. Hapa kwetu narudia nta kila miezi mitatu au minne, au maji yakiacha kukusanyika matone na kuanza kutandaa. Wanaofunika boti kwa turubai hupata muda mrefu zaidi. Kwa kuosha, sabuni laini tu. Yenye klorini hung'oa nta yote.