Maharage Yaliyokataa Kuiva

Jioni ya siku ya pili ya safari yetu ya miguu, tukiwa tumepiga hema ukingoni mwa msitu katika kimo cha mita 3,000 hivi, nilitambua kwamba chakula nilichokibeba kwa fahari tangu nyumbani kisingelika usiku ule. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8. Mizigo niliipima kwenye mizani wiki moja kabla ya kuondoka, na katika hilo sikukosea. Kijana wetu alikuwa na uzito wa kilo 26, nami nilihakikisha kwamba habebi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani mfuko wake wa kulalia, chupa ya maji, na filimbi iliyofungwa kwenye mkanda wa begi ili akipotea akae pale pale alipo na kupuliza mara tatu, anyamaze, kisha apulize tena mara tatu.

Kosa langu lilikuwa maharage. Nilichukua nusu kilo ya maharage mekundu makavu kwa sababu ni mepesi kubeba, hayaharibiki njiani na yanashibisha, na asubuhi ile niliyaloweka ndani ya chupa yenye mdomo mpana ili yalainike begini tukiwa tunatembea. Jambo ambalo sikulipa uzito ni kwamba kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata joto la kutosha, kwa kiasi cha nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300, na kwa hiyo pale tulipokuwa yalichemka kwenye nyuzi 90 hivi. Sufuria ilitokota kwa kelele, povu likapanda hadi ukingoni, na yeyote angedhani kwamba chakula kinakaribia kuiva. Baada ya saa moja na nusu nilitoa punje moja na kuibonyeza kwa vidole. Ganda lilichanika, lakini ndani palikuwa pagumu na peupe kama chaki.

Mke wangu alisema tuyatafune hivyo hivyo, kwani watoto walikuwa na njaa, nami nilikataa. Maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibika yakichemshwa sawasawa katika joto la nyuzi 100, na punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima. Kutapika na kuharisha mahali ambapo barabara iko umbali wa siku nzima si jambo la kubahatisha. Nilikuwa bado naeleza hayo pale mwale wa jiko ulipofifia, ukawa wa buluu hafifu, kisha ukazimika. Mtungi wetu pekee wa gesi ulikuwa umeishia kwenye maharage, na mvua iliyokuwa ikitutishia tangu alasiri ikaanza kunyesha.

Katika dakika zilizofuata nilifanya kosa la pili, ambalo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi. Niliendelea kuhangaika na sufuria huku kijana wetu amekaa juu ya jiwe, amevaa fulana ya pamba iliyolowa jasho la mchana na sasa ikilowa mvua, na pamba ikishalowa haimtunzii mtu joto hata kidogo. Nilimwona akitetemeka, nikamwambia afunge zipu ya koti lake. Alikishika kichwa cha zipu, kikamponyoka. Akakishika tena, kikamponyoka. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa kama vya mtu anayetafuta kitu gizani, na nilipomuuliza kama anasikia baridi alijibu kwa neno moja, polepole, ulimi ukiwa mzito. Hapo niliiacha sufuria. Kutetemeka, kushindwa kazi ndogo za vidole na kuzungumza kwa kuburuta maneno ni dalili kwamba joto la mwili linashuka kuliko inavyostahili, na mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima.

Mama yake alimwingiza hemani, akamvua nguo zote zilizolowa, akamvalisha fulana ya sufu aliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki, akatandika mikeka miwili chini yake, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mtu aliyelala, kisha akaingia naye ndani ya mfuko wa kulalia na kumkumbatia. Hakumsugua mikono wala miguu. Kilichobaki kilikuwa kinywaji cha moto chenye sukari, na gesi hatukuwa nayo.

“Baba,” binti yetu aliniita, “nikakate yale matawi makavu yaliyosimama?”

Nilikuwa nimemfundisha miezi mingi kabla, siku isiyo na mvua, na sikudhani kwamba alishika sana. Alikwepa kuni zilizolala chini, ambazo zilikuwa zimenyonya maji, akachagua matawi yaliyokufa yakiwa bado mtini, manene kama kiwiko chake, yaliyovunjika kwa mlio mkavu. Tulifunga turubai juu kidogo ya duara la mawe lililoachwa na wasafiri waliotutangulia, mbali na hema. Tulipasua kila tawi kwa kusimamisha kisu juu yake na kukigonga kwa gogo dogo, na chini ya gome lililolowa ukatokea mti mkavu kabisa, wa rangi ya asali, wenye harufu ya vumbi. Kutoka kwenye moyo huo binti yetu alichonga nyuzi nyembamba zilizojikunja, bila kuzikata mwisho, hadi kila kijiti kikawa kama unyoya. Alitandika vijiti chini ili moto usikae juu ya udongo wenye maji, akaweka bonge la pamba tulilolipaka mafuta ya mgando nyumbani, akawasha njiti ya kibiriti akiwa ameikinga kwa mwili wake. Pamba ile iliwaka dakika kadhaa, muda wa kutosha kwa manyoya yale kushika moto, na baada yake vibanzi, na baada ya vibanzi kuni zenyewe.

Maji yalipochemka tulikoroga maziwa ya unga yenye sukari, na kijana wetu, ambaye sasa alikuwa akizungumza vizuri na kulalamika njaa, alikunywa kikombe kizima kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye tulipika tambi nyembamba za akiba, ambazo huiva kwa dakika chache hata katika maji ya nyuzi 90.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Maharage hatukuyamwaga msituni, kwani wanyama hawapaswi kuzoeshwa chakula cha watu, na binti yetu aliyafunga ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Yalikuwa yamenyonya maji hadi ile nusu kilo ikazidi kilo moja, naye alitaka kusaidia kuyabeba, lakini niliyatia katika begi langu na kushuka nayo hadi chini.