Mlango Unaofungukia Mgongoni mwa Kochi

Nyumba yetu haikuwa na mahali pa kuingilia. Ulipofungua mlango, hatua ya pili ilikufikisha nyuma ya kochi, na aliyeketi hapo alihisi upepo shingoni kabla hajajua ni nani aliyeingia. Sebule, meza ya kulia na jiko vyote vimo katika ukumbi mmoja usio na kuta, jambo lililonivutia sana siku ya kwanza, kwa sababu mwanga wa dirisha la mbali ulikuwa ukifika hadi kizingitini. Sikuwaza habari za viatu.

Viatu ndivyo vilivyonionyesha tatizo lilipo. Kwa wiki nzima nilivitazama bila kuvigusa, nikaona kwamba vyote, vya wakubwa kwa wadogo, vilikuwa vikivuliwa katika kipande kilekile cha sakafu, upande wa kitasa, kana kwamba kuna mstari ambao mimi peke yangu nilikuwa siuoni. Watu walikwisha kuamua wanaposimama, ila nyumba ndiyo iliyokuwa haijawaandalia chochote.

Jaribio la kwanza nililiharibu mwenyewe. Nilisimamisha kabati refu, karibu mita mbili, likatiza ukumbi, nikidhani kinachotakiwa ni faragha tu. Mwanga ukakatika, pakawa kama ndani ya sanduku, na kwa kuwa njia niliyoiacha ilikuwa ya sentimita 60, kila aliyebeba mzigo alilazimika kupita kiubavuubavu. Kulirudisha lilikotoka kulitutoa jasho kuliko kulileta.

Safari ya pili nilianza na tepu ya karatasi sakafuni. Nilichora kwanza upinde ambao mlango huupita unapofunguka, kwa maana chochote kinachowekwa ndani ya upinde huo kitagongwa kila siku. Kisha nikatenga njia ya sentimita 90, na kilichobaki ndicho nilichokigawa. Tuliishi na michoro hiyo siku nne, na mara mbili nikausogeza mstari kwa upana wa kiganja baada ya kuona unakanyagwa.

Badala ya kabati sasa ipo rafu isiyo na mgongo, yenye kimo cha sentimita 120, ambayo ncha yake moja nimeifunga ukutani kwa skrubu ili isiangukie mtu. Kimo hicho nilikipata kwa kuketi na kusimama mara nyingi kupita kiasi: aliyesimama mlangoni bado analiona dirisha juu ya rafu, ilhali aliyeketi kwenye kochi hatazamwi tena kisogoni na kila anayebisha hodi. Kando yake kuna benchi lenye kimo cha sentimita 45, na viatu huingia chini yake.

Sakafu ilinipa shida zaidi. Wajapani hulimaliza jambo hili kwa sakafu yenyewe: sehemu ya mlangoni, waiitayo genkan, kwa kawaida huwa chini kidogo ya sakafu ya nyumba, na viatu hubaki huko. Mimi sikuweza kushusha sakafu, kwa hiyo nikatandika zulia la rangi ya giza, likawa nene mno hata mlango ukakwama juu yake nusu wazi, huku mvua ikinyesha. La pili ni jembamba, lina mpira chini, na linaishia pale rafu inapoishia.

Juu yake nimening'iniza taa yenye kofia pana, kidogo tu juu ya kichwa cha mtu mrefu. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright wa Marekani alipenda kuishusha dari ya mahali pa kuingilia ili chumba kinachofuata kionekane kikubwa zaidi, na ingawa taa si dari, ukivuka duara la mwanga wake usiku ukumbi huonekana kupanuka mbele yako. Hilo sikulitarajia.

Funguo bado zinatupwa kwenye meza ya kulia, licha ya bakuli nililoliweka juu ya rafu.

Jioni hii nilirudi nikiwa nimechoka, nikaketi kwenye benchi, nalo likalia. Sauti ikauliza kutoka kwenye kochi, "Nani huyo?" Niliitika nikiwa bado ninafungua kamba za kiatu cha pili.