Nilivyopima kaboni ya miti kwa tepu na oveni

Jamani mimi nilijua kupima kaboni ya msitu ni kazi ya mashine za maabara, kumbe sehemu kubwa ni tepu, mizani na uvumilivu.

Ploti ya kwanza (kipande cha msitu kilichopimwa mipaka) nilizungusha tepu kwenye kila shina, mita 1.3 kutoka chini, jioni nikaingiza namba kwenye kompyuta, kwenye fomula inayokadiria uzito mkavu wa mti kwa kipenyo, urefu na densiti ya mbao, mti mmoja wa kawaida kabisa ukanipa zaidi ya tani 5! Nikafurahi kweli, nikajiona nimeangukia msitu wa ajabu. Kumbe nimeingiza mzunguko badala ya kipenyo. Ule wa sm 94 ukigawa kwa 3.14 unabaki 30 tu, na vile fomula inakizidisha kipenyo chenyewe kwa chenyewe, kosa la mara tatu linakuwa kama mara tisa. Nikarudia zote, na kichwa kinauma.

Densiti ya mbao, yaani uzito mkavu ukigawa kwa ujazo, ndo ilinichosha zaidi. Hukati mti, unatoboa shina unatoa kijiti chembamba, unakizamisha kwenye maji kikiwa kibichi ujue ujazo wake, halafu oveni nyuzi 105. Mara ya kwanza nilikitoa kesho yake nikaandika uzito nikaridhika, bahati nzuri nikakirudisha, ukashuka tena. Sasa hivi napima, narudisha, napima, mpaka uzito ugome kushuka. Majani yanakaukia nyuzi 70 hivi, na yaweke kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inaweza kuganda kwenye sampuli (usiniulize nimejuaje).

Na ile miti ambayo mizizi imepanda shina kama mbawa, usipime pale 1.3, panda hadi juu ya hizo mbawa, la sivyo unapima mizizi.

Basi mti wangu wa tani 5 baada ya masahihisho, kipenyo sm 30, urefu mita 20, densiti gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, ukatoka kilo 582 za uzito mkavu. Zidisha kwa 0.47, ndo sehemu ya uzito mkavu inayokadiriwa kuwa kaboni, unapata kaboni kilo 273. Ukitaka iwe kaboni dayoksaidi zidisha tena 44 gawa 12 (uzito wa molekuli ya kaboni dayoksaidi kwa ule wa atomu ya kaboni), inakuja kama tani 1, sehemu ya juu ya ardhi tu hiyo. Mizizi bado nakadiria kwa uwiano wake na uzito wa juu, kufukua mti mzima mimi mgongo sina.