Majukumu mengineyo

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na leo nimejaza fomu ya tathmini ya mwaka. Ina sehemu ya machapisho, ina sehemu ya saa za kufundisha, na chini kabisa ina "majukumu mengineyo". Kazi yangu karibu yote imebanana huko chini.

Humo yumo mwanafunzi wa uzamivu aliyenijia amechoka. Alikuwa akiandika neno moja kwenye kanzidata, anamwagiwa maelfu ya makala, nyingi hazimhusu. Tukaketi, tukaligawa swali lake katika dhana tatu, kila dhana tukaitafutia visawe, tukaviunganisha, kisha tukachuja kwa miaka na aina ya utafiti. Zikabaki makala anazoweza kuzisoma akazimaliza. Kama huko si kufundisha, basi nielezwe kufundisha ni kupi.

Mvutano huu, kama mkutubi ni mwanataaluma au mtumishi tu, ni wa zamani. Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, alifungua shule ya wakutubi katika chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, akapokea wanawake huku wadhamini wa chuo hawataki. Mwaka 1889 shule ikahamia mji wa Albany. Mwaka 1975 chama cha maktaba za vyuo vikuu Marekani, ACRL, kikatamka kwamba shahada ya uzamili ya ukutubi ndiyo shahada ya juu ya taaluma hii. Ukitamka hivyo mbele ya maprofesa, wengine wanatabasamu tu. Kwao asiye na uzamivu ni mtumishi wa ofisini, hata kama ndiye aliyewatafutia nusu ya marejeo yao.

Lakini sing'ang'anii kuitwa mhadhiri. Cheo hicho kina masharti yake: uchapishe, la sivyo hupandi daraja. Mhadhiri hupata likizo ya utafiti. Mimi kaunta inanisubiri asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima. Nipewe masharti yake bila nafasi yake, ya nini?

Ninachokitaka ni uhuru wa kitaaluma. Siku nikiagiza kitabu kinachomuudhi mkubwa, au nikikataa kukiondoa rafuni, nilindwe kama anavyolindwa anayekifundisha darasani.

Na nikae kikaoni. Kamati ikitaka kupunguza majarida tunayolipia, mkutubi huitwa alete takwimu za matumizi, anashukuriwa, kisha anaombwa atoke wajumbe waamue. Kikao kijacho kimekaribia. Takwimu ninazo tayari, na safari hii nimeambatanisha barua ya kuomba nibaki hadi uamuzi upitishwe.