Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wodi ya watoto wenye saratani, Kampala, Aprili 2020

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kafyu ya korona inaisha, natoka. Tangu Machi 25 hakuna teksi wala boda ya abiria, kwa hiyo Bwaise hadi Mulago ni mguu mosi, mguu pili, kitambulisho shingoni.

Saa mbili. Siku za kawaida mikeka ya akina mama hujaa hadi barazani. Leo naiona sakafu. Mgeni angedhani saratani imepungua.

Saa tatu. Mtoto mmoja wa lukemia, saratani ya damu, fizi zinavuja damu. Anahitaji platileti, chembe zinazosaidia damu kuganda, na akiba ya damu imekauka. Wachangiaji wakubwa nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule zimefungwa. (Redioni wanataja mitihani tu.) Mjomba wake angetoa, ila yuko Kasese. Mlinzi wa getini anaomba ruhusa, anashuka benki ya damu ya Nakasero kwa miguu kuchangia.

Saa nne. Simu. Nina daftari la watoto waliopitisha tarehe ya kemo, yaani dawa za saratani, na wengi ni wa Burkitt, saratani ambayo mara nyingi hufurisha taya. Uvimbe huu, aliouelezea Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji hapahapa Mulago, unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia husikia dawa upesi: mtoto anakuja taya limefura, baada ya wiki anatafuna muhogo. Mzazi akishaona hivyo, na barabara imefungwa, ni rahisi kusema tutarudi mambo yakitulia. Mabaki ya uvimbe hayangoji.

Baba mmoja wa Nebbi anapokea.

"Sista, shavu limeanza tena. Tangu juzi."

"Kibali cha usafiri cha mkuu wa wilaya, RDC, umepata, Baba?"

"Kibali ninacho. Gari ndilo sina."

Hapo ndipo penye kero yangu. Aliyeweka utaratibu wa vibali alimfikiria mtu mwenye gari nyumbani. Kuja Kampala ni zaidi ya kilomita 400. Nampigia daktari wetu, naye anawapigia hospitali ya Lacor, Gulu, ambako pia wanatibu Burkitt. Wanasema mleteni.

Saa sita. Baba amepata lori la mizigo; hayo yanaruhusiwa. Yeye anahesabiwa utingo, mtoto yuko katikati.

Saa nane na nusu. Simu kutoka kizuizi cha daraja la Pakwach. Baba ananipa askari.

"Afande, habari ya kazi. Mimi ni muuguzi, Kampala. Huyo mtoto ana kansa, anaenda kuchomwa dawa Gulu."

"Hii lori ni ya mizigo, mama. Huyu mtoto ni mzigo?"

"Mwangalie shavu la kushoto, afande."

Kimya. Nasikia mlango wa lori ukifunguliwa, kisha ukifungwa.

"Waende."

Saa kumi. Lacor wanataka rekodi. Nalipia OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200, ndipo WhatsApp ifunguke. Napiga picha kurasa za faili: uzito, hesabu ya damu, dawa za kemo (siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati), sindano ya uti wa mgongo ya mwisho. Mwandiko wa ukurasa wa pili hausomeki, nausoma kwa sauti na kuutuma hivyo.

Saa kumi na moja na nusu. Platileti zimefika. Namkabidhi mwenzangu wa zamu ya usiku na kuondoka kabla ya saa moja. Njiani ujumbe kutoka Gulu: mtoto amelazwa, dripu imewekwa, kemo kesho asubuhi vipimo vya figo vikiwa sawa. Baba anauliza atarudije Nebbi, maana lori limekwisha ondoka.