Neno moja, makosa 61

Watu wakisikia naandika programu, hudhani vidole vyangu vinashinda vikicheza kwenye kibodi. Leo nimeshinda nikisoma.

Saa 2 asubuhi. Barua pepe, kikao kifupi cha timu, nakabidhiwa lalamiko: mteja akibofya oda yake, inafunguka nyingine kabisa.

Saa 3 nimeshamnasa mchawi. Namba ya oda ni 9007199254740993. Namba za kawaida za JavaScript, lugha inayoendesha kurasa zetu, zikipita 9007199254740991, tarakimu ya mwisho haiaminiki tena. Hiyo yetu inageuka kimyakimya, inaishia na 992 badala ya 993. Dawa inajulikana: seva iitume kama maandishi, nasi tuipokee hivyohivyo. Wenzetu wa seva wanasema wao wameshamaliza. Kwangu limebaki neno moja kwenye faili la TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data: kubadili aina ya kitambulisho, ile namba ya oda, kutoka namba kuwa maandishi.

Saa 4 nalibadili. Kompaila, programu inayokagua aina hizo na kugeuza TypeScript kuwa JavaScript, inatema makosa 61.

Mengine ni mepesi, funksheni iliyotarajia namba inaelezwa kwamba sasa italetewa maandishi, basi. Lakini kuna mahali oda zinapangwa kwa kutoa kitambulisho kimoja kwenye kingine, na kompaila haikubali kutoa maandishi kwenye maandishi. Nikiyalinganisha kama maandishi tu, "10" itatangulia "9". Nikiyarudisha kuwa namba, mstari mwekundu unafutika na ugonjwa wa asubuhi unarudi palepale. Natumia BigInt, aina ya namba nzima isiyopoteza tarakimu hata ikiwa kubwa. Kosa moja hilo, karibu saa nzima.

Saa 6 bosi anapita. "Bado tu? Si ulisema ni neno moja?"

Ndiyo, bosi. Neno moja.

Jirani yangu ananionea huruma: "Kaka, weka any twende zetu." Anajua nitakataa. Any, aina inayokubali chochote, ni kumwambia mlinzi, yaani kompaila, afumbe macho, na aina zote hizi hufutwa programu ikishageuzwa kuwa JavaScript, kwa hiyo asipokagua hapa hakuna atakayekagua kule mbele.

Mchana sikuinuka kitini. Makosa yalishuka hadi 40, nikagusa faili moja la pamoja, yakapanda hadi 58. Macho yanauma. Yakashuka tena, tisa, mawili, sifuri.

Nafungua ukurasa kwa furaha: oda zilizochaguliwa hazina alama ya tiki hata moja. Kompaila imeridhika, programu imekufa. Nazunguka weee, kumbe orodha ya zilizochaguliwa inatoka kwenye njia nyingine ya seva ambayo bado inatuma namba, na kwa ulinganisho mkali tunaotumia, maandishi hayawi sawa na namba hata tarakimu zikifanana. Kompaila haioni data ya nje. Inaamini nilichoandika mimi. Namwandikia mwenzangu wa seva. "Hiyo njia haitumiki siku hizi," anajibu. Namtumia picha ya skrini. Kimya. Namngoja, na wakati huo naandika ukaguzi mlangoni, data ikiingia na aina isiyo yake ikataliwe hapohapo kwa sauti.

Giza limeshaingia anapojibu: "Samahani ndugu yangu, nimerekebisha."

Nafungua oda ya yule mteja. Inaishia na 3.