Kumbukumbu ya mradi wa kivukoni: mwezi wa tatu

Wiki ya kwanza ya Novemba

Mradi wangu wa kuwapiga picha watu wanaovuka kati ya Mtwara mjini na Msangamkuu umeingia mwezi wa tatu, na kwa mara ya kwanza nimeacha kuihangaisha kamera kila dakika. Lenzi ni ya milimita 35, tundu lake la kupitishia mwanga nimelibana hadi kwenye f/8, fokasi nimeifunga kwa mkono kwenye mita 3, na kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa, haishuki chini ya 1/500 ya sekunde. Kwa kamera yangu, ambayo sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa sawa na filamu ya zamani ya milimita 35, hesabu hiyo humaanisha kwamba kila kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hivi kitatoka kikiwa wazi, hata nisipopata nafasi ya kuitia kamera jichoni. Tatizo linalobaki ni mwanga. Msimu huu jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, na ikifika saa tatu linakuwa kali kiasi kwamba kanzu nyeupe zinaungua, yaani zinatoka weupe mtupu pichani, huku nyuso zikibaki kiza. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, huipendelea kanzu na kuudhulumu uso. Kwa hiyo napima kwenye ngozi ya mkono wangu mwenyewe, kisha naiacha anga iungue ikitaka.

Watoto bado wananishinda. Akiniona mmoja tu, wote hupanga mstari na kuinua vidole, na asubuhi hiyo kazi imekwisha. Kwa vyovyote, sura ya mtoto siionyeshi popote bila mzazi wake kukubali, kwa hiyo hasara si kubwa.

Wiki ya pili

Pantoni lilikuwa linatia nanga na shingo zote zimegeukia majini, isipokuwa ya mama mmoja anayekaanga pweza kando ya njia ya kushukia. Alikuwa ameinamia karai, ameshika kijiti kilichonasa mkia mmoja wa pweza, midomo ameikaza kama mtu anayehesabu kimoyomoyo asije akapoteza hesabu. Moshi ulikuwa unapita upande mmoja wa uso wake. Nilibofya mara moja tu. Hakuinua macho, akasema, "Mwanangu, kwenu watu huingia bila kupiga hodi?"

Nilimwamkia, nikaomba radhi, nikajitetea kwamba ningepiga hodi kwanza angeliacha karai akaanza kutengeneza kilemba. Alicheka, lakini hakuniachia. "Basi hodi yako ni ya mtu aliyekwisha kukaa kitini." Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera; aliitazama kwa muda mrefu, na kilichomsumbua hakikuwa uso wake. "Kumbe mafuta yameshakuwa meusi hivi!" Alikubali niitumie picha, kwa sharti kwamba nimletee nakala yake.

Neno lake limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu linagusa jambo ambalo wapiga picha wa mitaani hulizunguka tangu zamani. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye wengi wetu tulijifunza kwa kutazama kazi zake, alikuwa akizibandika utepe mweusi sehemu za kamera yake zinazong'aa ili asionekane. Kitabu chake cha mwaka 1952 kinajulikana zaidi kwa jina la Kiingereza linalosifu ile sekunde moja ambapo kila kitu hukaa mahali pake, lakini jina la Kifaransa ni la mtaani zaidi: linatumia msemo wanaoambiwa wauzaji wasio na kibali, wanaouza harakaharaka huku wakichungulia askari. Kwa lugha yetu tungesema picha za kimachinga. Naliona jina hilo kuwa la kweli kuliko lile la Kiingereza, kwa sababu linakiri kwamba ndani ya picha hizi kuna kuibia kidogo. Mmarekani Walker Evans alikwenda mbali zaidi: kati ya 1938 na 1941 aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, kisha picha hizo zikangoja hadi 1966 ndipo zikachapishwa kama kitabu. Koti silikubali, lakini kule kungoja nakuelewa, hasa baada ya yaliyonikuta wiki iliyofuata.

Wiki ya tatu

Nilikuwa nimechapisha picha 12 mjini, kwa shilingi 1,000 kila moja, nikazibandika kwenye ukuta wa kijiwe cha kahawa karibu na kivuko ili wenyewe wajione na atakayetaka yake aichukue. Nilizichuja kwa makini: hakuna aliyefunuka nguo, hakuna mlevi, hakuna aliyelala mdomo wazi. Siku ya pili mwanamume mmoja wa makamo alikuja akakaa karibu nami, akanywa kikombe kizima bila neno, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ile ya tatu kutoka kushoto, naomba uitoe."

Katika picha hiyo amesimama pantonini, amevaa shati safi, anatazama mbele kwa utulivu. Sikuona kosa lolote. Alipoona nasita, alinieleza kwamba nyumbani alikuwa ameaga kuwa yuko Masasi, anafuatilia malipo ya korosho.

Niliibandua palepale, na jioni nikaifuta kwenye kompyuta pia. Sijui kama alistahili kufichiwa, na sikumwuliza alikuwa anakwenda kwa nani Msangamkuu. Kilichonishtua ni kwamba miezi yote nilikuwa natafuta aibu ndani ya fremu, ilhali picha inaweza kumwumbua mtu kwa kusema tu kwamba alikuwa mahali fulani siku fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha nilikwishazisoma, lakini hazikunifanya nione jambo hilo kwa uwazi kama yule bwana na kikombe chake. Tangu siku hiyo siandiki tarehe chini ya picha, na hakuna picha inayotoka kabla ya miezi miwili kupita.

Wiki ya nne

Bibi mmoja mwenye chale usoni, za zile za zamani za Wamakonde, alishuka akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Kamera ilikuwa tayari, mwanga ulikuwa mzuri, na kidole kilishagusa kitufe. Sikubofya. Nilitambua kwamba sikuwa ninamtazama bibi. Nilikuwa natazama chale. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijakwisha, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akiwapiga picha watu wa huku kama vielelezo vya makabila yao, na mtu aliyesimama mbele ya kamera ya mgeni wakati kama ule hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Mimi ni mwenyeji, lakini macho yangu asubuhi ile yalikuwa yale yale. Nilimpa bibi shikamoo, nikampokea kikapu hadi kwenye bodaboda, nikarudi mahali pangu.

Hadi sasa nimebakiwa na picha 61 ninazoziamini, na 9 kati yake wenyewe sijawapata bado. Mama wa pweza nilimpelekea nakala yake Jumamosi. Ameitundika juu ya banda lake, lakini ameikunja sehemu yote ya chini, karai na kijiti na mkono vikaenda huko, na kilichobaki ni uso uliokunjamana ndani ya moshi, bila sababu yoyote ya kukunjamana.